Mwezi Niliounyoosha

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hasira zangu nyingi huviangukia vitu visivyoweza kunijibu: mlango uliovimba kwa mvua, kompyuta inayochelewa kuwaka, kipimo kisichosema ninachotaka kukisikia. Nayasema haya mapema ili ijulikane ni mtu wa namna gani aliyekuwa amekaa sakafuni kwenye ukumbi wa shangazi yake, Mji Mkongwe, akigombana na karatasi.

Karatasi zenyewe zilikuwa za utafiti wangu wa chuo. Nilikuwa nasomea namna ya kutumia kompyuta bila ya kuyadhuru mazingira, somo ambalo msimamizi wangu aliliita kwa fahari "kompyuta ya kijani". Shangazi, aliyenilea tangu nilipoletwa mjini kuanza darasa la kwanza, alipolisikia jina hilo aliziangalia zile mashine tatu mbovu nilizokuwa nimezirundika chini ya ngazi yake.

"Kijani chenyewe mie sikioni," alisema. "Nnaona vumbi."

Hakukosea. Sehemu kubwa ya somo hilo ni vumbi. Watu huidhania kompyuta kuwa kitu safi kwa sababu haitoi moshi wala hainuki. Lakini umeme wake lazima utoke mahali, na huku kwetu huja kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka bara. Ikifa nayo lazima izikwe mahali, na kisiwa hakina mahali pengi pa kuzikia. Betri inayokufa kabla ya siku zake ni sumu inayotafuta shimo. Swali langu mimi lilikuwa dogo tu: zile kazi nzito za kompyuta, zinazokula umeme mwingi na ambazo hazihitaji mtu kukaa mbele yake, zinaweza kupangwa zifanyike jua likiwa kali na watu wakiwa hawapo, ili betri zisichoshwe bure?

Mahali pa kupimia palikuwa Matemwe, kijiji nilichozaliwa. Pembeni ya banda ambamo kina mama wa mwani hutengenezea sabuni palikuwa na chumba kimoja chenye kompyuta sita kuukuu zilizofufuliwa, paneli za jua juu ya paa, na betri nne ndani ya sanduku. Kina mama walijifunza kuchapa humo, wakaangalia masomo ya kutengeneza sabuni, wakatafuta matokeo ya mitihani ya watoto wao. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Kwa kidole kimoja alikuwa akiandika habari za mbegu za mwani: ipi ilinawiri, ipi iligeuka nyeupe ikakatika maji yalipokuwa ya moto, na ilikuwa mwezi gani. Hakuna aliyemtuma. Alisema anaandika kwa sababu wenzake wote humuuliza yeye, na kukumbuka kwa niaba ya watu wengi kunachosha.

Kila Jumamosi ya pili nilikwenda, nikafika baada ya alasiri kwa sababu asubuhi nilikuwa nikifundisha mjini. Niliwasalimu kina mama, nikachukua namba kutoka kwenye kipimo cha umeme wa kompyuta, nikaiweka sawa saa yake, nikarudi. Jua lilikuwa na kipimo chake mbali, na hicho hakikunisumbua hata siku moja.

Baada ya miezi mitatu nilizichapa zile siku zote. Kila siku niliipa mstari mmoja, asubuhi upande wa kushoto, jioni upande wa kulia. Palipotumika kompyuta pakawa peusi, pasipotumika pakawa peupe. Nikaipanga mistari, siku chini ya siku. Nilitarajia kuona kitu kinachofanana na chumba chochote cha kompyuta: watu wanakuja asubuhi, wanapungua adhuhuri, wanaondoka jioni. Badala yake niliona weupe unaotembea. Siku moja ulikuwa asubuhi, siku ya pili umesogea karibu saa nzima mbele, ya tatu umesogea tena, ukateremka upande upande katikati ya weusi kama mshono wa fundi aliyesinzia. Halafu ukapotea kwa siku kadhaa. Halafu ukarudi asubuhi na kuanza upya safari yake.

Msimamizi wangu aliangalia mara moja. Ni mtu mpole, wa vitabu, na mambo yake yote yamenyooka mpaka kola ya shati.

"Saa ya kipimo inakimbia," alisema. "Kila siku inazidi kwa karibu saa moja. Wewe ukienda unaiweka sawa, ndiyo maana kila baada ya wiki mbili inarudi mwanzo. Kirekebishe."

Nikafurahi. Maelezo yalikuwa mafupi na kosa halikuwa langu. Niliandika mistari michache ya programu, nikauvuta kila mstari kuurudisha nyuma kwa kiasi kile unachosogea, na ule weupe wote ukakaa wima, nadhifu. Ni kweli kwamba kurudi mwanzo kule hakukulingana sawasawa na Jumamosi zangu. Kulianza kupishana kwa siku moja, kisha mbili, kisha tatu. Ni kweli pia kwamba nilipoilinganisha saa ya kipimo na saa ya simu yangu kwenye meza ya mama, hazikupishana hata kwa dakika. Hayo niliyafumbia macho. Nilikuwa nimeshapata nilichokitaka.

Kwa namba hizo zilizonyooka niliifundisha programu yangu ni wakati gani chumba huwa kitupu, nikaisimika kule Matemwe, nikarudi mjini kungoja sifa.

Sifa hazikuja. Zilikuja simu. Kina mama walisema mashine zimekuwa nzito, mtu anabonyeza herufi moja na anaweza kumaliza kikombe cha chai kabla haijatokea. Ikifika magharibi betri zote ziko chini kabisa. Kumbe programu yangu ilikuwa ikizianza kazi nzito, kushusha masomo na kuhifadhi nakala, pale pale watu wanapoingia chumbani. Na watu walipokuwa hawapo, jua limewaka na betri zimejaa tele, yenyewe ilikaa kimya kwa adabu. Hata mtu mwenye nia mbaya asingeweza kupanga vibaya namna ile. Nilikuwa naziua zile betri nilizosema nataka kuziokoa.

Wenye vifaa, waliotoa paneli na kompyuta, walizisoma taarifa zangu wakaamua: mwisho wa mwezi kila kitu kitafunguliwa kipelekwe mahali pengine, penye matumizi yanayoeleweka. Msimamizi aliniambia kwa huruma kwamba shahada yangu haitaathirika, nitapewa mahali papya pa kupimia. Nikaitikia. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nikiwaza namna ya kumwambia mama aache kuandika habari za mbegu zake.

Sikupata namna. Wiki ile ile alikuja mwenyewe mjini kupimwa macho, maana alikuwa analalamika kwamba yameanza kuingia ukungu. Aliingia ukumbini kwa shangazi akanikuta nimezitandaza karatasi sakafu nzima, za asili upande huu na zilizonyooshwa upande ule.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nipite wapi?"

"Ngoja nikutolee. Usizikanyage."

Hakungoja. Alichuchumaa palepale mlangoni, buibui lake limemwagika sakafuni, akaiangalia karatasi iliyokuwa karibu naye.

"Hizi nini?"

"Siku," nilimjibu, na nakiri nilimjibu kwa ufupi wa mtu aliyeudhika. "Siku za chumba chenu cha kompyuta. Kila mstari siku moja. Huku asubuhi, huku jioni. Palipo peusi mashine zinatumika. Palipo peupe hapana mtu."

Kisha akakaa kitako kabisa, akaweka kidole juu ya ule weupe unaotembea, akaanza kuteremka nao taratibu.

"Hapa maji yanakupwa asubuhi, tushateremka," alisema. "Kesho yake yamechelewa kidogo. Hapa yamechelewa tena. Hapa tunarudi adhuhuri ishalia. Hapa alasiri. Hapa tena bamvua lishakwisha, maji mafu, hayatoki ya maana. Hatwendi. Ndo pakawa peusi kutwa."

Kidole chake kiliruka mistari ile ya weusi kikatua kwenye weupe uliofuata. "Na hapa bamvua jengine."

Bamvua ni zile siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, bahari inapokupwa mbali kabisa mpaka mashamba ya mwani yakabaki wazi, na kila mwanamke wa pwani ile akateremka na kamba zake. Mtoto wa miaka mitano wa Matemwe anayajua haya. Mimi niliyajua pia, zamani, kabla sijaamua kwamba mimi ni wa mjini. Nilipokuwa narudi likizo mama alikuwa akinihesabisha siku za mwezi kwa vifundo vya vidole, nami nikawa sitaki, kwa sababu mwani uliniwasha miguu na wenzangu wa shule walisema nanuka pwani.

"Hii je?" Mama alikuwa ameukuta mstari mmoja mweupe mtupu, ambao mimi nilikuwa nimeuzungushia kalamu nyekundu nikaandika: hitilafu.

"Hiyo kipimo kilikatika."

"Hakijakatika. Siku hii tulimzika yule jirani yetu wa nyumba ya chini. Nani angekwenda kukaa na mashine siku ile?" Akasogea. "Na hapa ni bamvua, lakini peusi." Hapo alifikiri kidogo, uso ameuinamisha karibu na karatasi. "Naam. Hapa palipiga mvua na upepo siku mbili, hapana aliyeteremka. Tukajibanza chumbani mle sote. Ndo siku niliyojua kuandika herufi kubwa."

Kwa miezi mitatu nilikuwa nikidhani napima umeme. Nilikuwa nimekiandika kijiji kizima bila ya kujua: mazishi yake, mvua yake, mama yangu anajifunza herufi kubwa. Na chini ya yote hayo, mwezi. Mwezi unayavuta maji, maji yanauacha wazi mwani, mwani unawaita kina mama, kina mama wanaiacha kompyuta, na umeme unapungua katika waya mwembamba kuliko kamba ya kiatu. Kitu kilichoko mbali namna ile kilikuwa kimefika kwenye karatasi yangu, siku baada ya siku, bila ya kukosea. Nilisema subhanallah kimoyomoyo, na nilikuwa na maana yake yote.

"Na zile?" Mama alikuwa anaangalia upande wa pili wa ukumbi.

"Zile ni hizihizi. Nimezirekebisha."

"Zilikuwa na kosa gani?"

"Tulidhani saa inakimbia."

Akaziangalia muda mrefu zile siku zangu nadhifu, zimesimama wima kama wanafunzi kwenye paredi.

"Maji ndiyo yanayochelewa, mwanangu," alisema. "Tangu Mungu alipoyaumba. Na weye umeyanyoosha."

Hakucheka. Angecheka ningepata nafuu. Shangazi, aliyekuwa jikoni na masikio yake yote, ndiye aliyesema kwa sauti kwamba mdharau mwiba mguu huota tende, kisha akatuletea chai.

Niliona aibu, na aibu yangu haikuwa ya hesabu. Katika taarifa zangu zote nilikuwa nimewaita watu wa chumba kile "watumiaji". Neno hilo halina sura, halina miguu iliyolowa, halina mahali pa kwenda asubuhi. Kama ningeandika hata mara moja tu "mama yangu na wenzake", nadhani ningejiuliza mama yangu huwa wapi saa nne ya asubuhi siku za mwezi mpevu.

Kesho yake nilikwenda kutafuta jedwali la kupwa na kujaa kwa maji, lile wanalotumia mabaharia, nikaliweka juu ya karatasi za asili. Weupe wangu na maji yao vilikwenda pamoja kama chanda na pete. Nikampelekea msimamizi. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena, akaangalia upya.

"Kwa hivyo nimeuambia mwezi kwamba saa yake mbovu," alisema.

"Tumeuambia sote, mwalimu."

Kisha akasema atawaandikia wenye vifaa wangoje, lakini hawatoamini kwa karatasi. Niipange upya programu, tuione inavyokwenda kwa mabamvua mawili. Betri zikiendelea kufa, chumba kitafungwa na yeye hatakuwa na la kusema tena.

Nikaanza upya, na safari hii nilikuwa na mwalimu wa pili kwenye simu. Nilimuuliza mama mambo yasiyokuwamo kwenye jedwali lolote. Huteremka kabla maji hayajakupwa kabisa, au baada yake? Huondoka maji yakifika wapi? Siku ya kwanza ya bamvua huenda wote? Alinijibu kwa kunigombeza, kama vile anamjibu mtoto aliyeuliza chumvi ni ya nini. Huteremka mapema, wanayafuata maji yakitoka. Hurudi yakifika magotini, hakuna anayetaka kuzama kwa ajili ya mwani. Siku ya kwanza huenda wachache, wenye mbegu changa. Nikaandika yote, kila jawabu mstari mmoja wa programu.

Nilipokuwa nikipanga ndipo nilipokiona kitu kilichonifanya niondoke mbele ya mashine nikasimama dirishani. Katika pwani yetu, siku za bamvua, maji hutoka asubuhi na kukaa nje mpaka jua limepanda. Ndiyo kusema chumba huwa kitupu wakati ule ule jua linapokuwa na nguvu. Saa nilizokuwa nikizitafuta kwa miezi, za jua kali na viti vitupu, zilikuwa zimepangwa kabla yangu, kabla ya kompyuta, kabla ya mtu yeyote kupanda mwani. Mimi nilichotakiwa ni kutoziharibu. Kwa hivyo niliiambia programu iyaulize maji kwanza, kisha ndiyo iliulize jua. Siku za maji mafu isifanye kazi nzito yoyote, iwahudumie walioko mbele yake. Kazi nzito zote izilimbikize ingoje bamvua. Nilipomweleza mama, hakuona ajabu yoyote.

"Si ndivyo tunavyofanya sisi," alisema.

Siku ya tatu ya bamvua la pili nilikwenda Matemwe na msimamizi wangu, asubuhi kwa mara ya kwanza tangu nianze utafiti ule. Mlango wa chumba ulikuwa umerudishwa. Ndani hapakuwa na mtu, na mashine sita zilikuwa zikifanya kazi zenyewe, feni zao ndogo zikivuma. Nililifungua sanduku la betri. Zilikuwa zimejaa. Msimamizi aliziangalia namba, akaziangalia tena, kisha akatoka nje akasimama kwenye mchanga na viatu vyake vilivyong'arishwa.

Bahari haikuwapo. Ilikuwa imekwenda mbali mpaka kwenye mwamba, na katika uwanja ule mweupe uliobaki waliinama wanawake, wengi, kanga zao zikionekana kama vitone vya rangi. Mmoja wao alikuwa mama yangu, nami sikuweza kumjua ni yupi. Tulisimama pale, watu wawili wenye kusoma sana, tukiyaangalia yale tuliyokuwa tumeyaita kosa la saa.

Maji yaliporudi magotini, walirudi nayo. Waliweka viroba vyao vya mwani bandani, wakakamua kanga, wakanawa. Mama alifuta vidole vyake kimoja kimoja, akausukuma mlango wa chumba na akakaa kwenye kiti chake cha siku zote. Kwenye mashine yake kazi nzito ilikuwa imemalizika dakika chache nyuma. Alibonyeza herufi moja, ikatokea hapo hapo. Akabonyeza ya pili.

Msimamizi aliniambia pembeni kwamba ataandika barua siku ile ile, na chumba hakitafunguliwa hata skrubu moja. Niliitikia kwa kichwa. Mama alikuwa amesikia. Hakugeuka, aliendelea kuandika habari za mbegu zake, uso ameusogeza karibu na kioo.

"Hii mashine sasa inajua bamvua?" aliuliza.

"Inajua, mama."

"Hata nisipoiambia?"

"Hata usipoiambia."

Akatafuta herufi aliyokuwa akiitaka, akaipata, akaibonyeza.

"Basi ishakutangulia weye," alisema. "Lala hapa leo. Kesho utateremka nami."

Nilimpigia shangazi simu kwamba sirudi, na msimamizi akaondoka peke yake. Kesho yake niliteremka na mama, kamba begani, mwani ukaniwasha miguu kama zamani. Maji yalikuwa yamechelewa kuliko jana, kama ilivyo haki yao.